Gauni la Bibi Harusi na Mgomo wa Waandishi

Kila asubuhi fundi wa mavazi alifika studio kabla ya wengine. Alipiga pasi, alikaza vifungo, alitafuta soksi za mwigizaji mkuu, mtu ambaye angesahau hata miguu yake kama isingeshikamana na mwili. Kazi hiyo aliipenda. Sasa alikuwa nyumbani kwa wiki kadhaa, anapiga pasi mapazia yaliyokwisha kunyooka.

Waandishi wa tamthilia ya televisheni walikuwa wamegoma. Bila maneno, waigizaji hawana la kusema. Bila waigizaji, hakuna wa kuvishwa. Na mmoja wa waandishi hao alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Fundi alimpenda wifi, tena alitaka kumkasirikia, na hakujua aanze na lipi.

Wifi alikuwa amemweleza madai yao. Hadithi zao za zamani ziliuzwa tena kwa vituo vingine, nao hawakupata chochote. Pia waandishi walipunguzwa, na kazi yote wakaachiwa wachache. Fundi alilishika hilo la mwisho. Kumbe kazi imewazidi! Basi dawa ni kuwapunguzia.

Mtayarishaji, bosi wa tamthilia, alipopiga simu kumjulia hali, fundi alimsimulia jinsi harusi ya kwenye tamthilia, iliyoachwa katikati mgomo ulipoanza, inavyoweza kwenda. Bibi harusi aseme hivi, bwana harusi ajibu vile, waoane. Aliwajua watu wa tamthilia kama watoto wake. Mtayarishaji alifurahi mno. Akamwambia aje keshokutwa, watarekodi.

Fundi akaweka simu chini, roho yake kwatu. Amemsaidia wifi, na yeye mwenyewe amepata kazi. Akatoka nje kumsimulia jirani, dereva wa lori la taka. Jirani hakucheka.

"Unakumbuka sisi tulipogoma?" aliuliza.

"Nitasahau vipi? Mtaa mzima tulitembea tumeziba pua."

"Sasa, ungetuonea huruma, ukatuzolea taka zote, ingekuwaje?"

Fundi alifikiri. "Mtaa ungekuwa safi."

"Na meneja wetu?"

"Angelala usingizi mzuri."

"Haya. Angekuja kuzungumza na sisi kwa sababu gani?"

Fundi alimkumbuka wifi yake. Wifi anasimama na waliogoma kwenye geti la studio, na jua lote lile, kumbe yeye amempa mtayarishaji usingizi! Aliona haya, lakini jambo moja bado hakulielewa.

"Nisipokwenda, nitakula nini?" aliuliza. "Mimi sikugoma, jirani. Mbona naumia mimi?"

Jirani alikubali kwamba hilo ni swali la haki. Akamweleza polepole. Mgomo huwaumiza hata wasiogoma, kama mafundi, wapishi na madereva. Ndiyo maana mara nyingi watu huchanga mfuko wa kuwasaidia wote walioumia. Aende getini akaulize. Kuomba msaada si kuwasaliti waliogoma. Na kuwaunga mkono si jambo gumu. Usifanye kazi waliyoiacha. Wapelekee maji, simama nao kidogo, na watu wakiuliza kwa nini tamthilia haionyeshwi, waeleze ukweli.

Jioni fundi alimpigia mtayarishaji. Alisema hatakuja, na yale maneno asiyatumie. Mtayarishaji akajibu kwa upole kwamba maneno ameshayasikia, na hawezi kuyasahau.

"Sawa," alisema fundi. "Na gauni nani atamvalisha?"

Gauni lile la harusi halikuwa na zipu wala kifungo. Kila siku ya kurekodi, fundi alimvalisha mwigizaji, kisha akalishona mgongoni mwake, na kazi ikiisha akalifumua. Hakuna mwingine aliyejua kulishona bila kumchoma mtu. Harusi haikurekodiwa.

Asubuhi alikwenda getini na ndoo ya maji, akamweleza wifi yote. Wifi aliacha kunywa maji.

"Yaani wewe ukatuandikia?"

"Nilitaka mpumzike."

Wifi alikasirika kwanza, kisha kicheko kikamshinda. Alimshika mkono, akampeleka kwa mwekahazina wa mfuko. Nyumbani kwa fundi chakula kikapatikana, na kwa watu wa taa na wa kamera pia. Yeye akakusanya masalio ya vitambaa, akawashonea waliosimama getini kofia za jua. Hazikufanana hata mbili.

Mgomo uliisha kwa makubaliano. Waandishi watapata sehemu yao hadithi zikiuzwa tena, na waliopunguzwa walirudishwa. Siku ya kwanza studio, fundi alikuwa nyuma ya bibi harusi, sindano mkononi, wifi alipochungulia mlangoni.

"Mshonee imara, wifi. Leo anakimbia."

"Anakimbia?" Fundi alishangaa. "Mimi nilikuwa nimeshawaoza."

"Nilisikia," alisema wifi.

Fundi alitikisa kichwa. Akafumua alichokwisha kushona, akachukua uzi mnene, akaanza upya.