Sauti Chini ya Wimbo

Ndugu zangu, tazameni kwanza jinsi nyumba yenyewe ilivyokuwa imetulia. Ni asubuhi, jua limeingia mpaka kwenye zulia, na Fundi Sauti yuko kwenye studio yake ya chumbani anarekodi, hedifoni masikioni. Mbele ya maiki amesimama Mshonaji, jirani yake, mwanamke mwenye sauti tamu anayeshona sare za shule. Chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa mbao, amelala shangazi yake Fundi, aliyemlea tangu hajui kuvaa viatu. Tangu apooze upande mmoja, sauti ya shangazi ilikuwa imebaki kidogo sana.

Fundi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shughuli tu, na sote tunajua jinsi mtu mwenye shughuli anavyojisamehe haraka. Godoro nene la shangazi alilisimamisha ukutani ili chumba kisirudishe mwangwi, mablanketi akayatundika mlangoni, mgonjwa akaachiwa mkeka na shuka. Alimwambia ni kwa wiki moja, mpaka wimbo uishe.

Sauti ya Mshonaji ilikuwa inapanda na kushuka, kwa hiyo Fundi alirekodi kupitia kompresa. Kwa msioijua, kompresa huikandamiza sauti inayopaa, kisha fundi huinua kiwango chote, hata mnong'ono usikike. Ni kitu kizuri kikitumiwa kwa kiasi. Fundi aliikaza bila kiasi.

Waliposikiliza walichorekodi, Mshonaji alivua hedifoni. Alisema kila anaponyamaza kuvuta pumzi, kuna mtu mwingine anapumua.

"Ni feni hiyo, dada," Fundi akasema, akaizima.

Wakarudia. Pumzi ilikuwepo pale pale, na safari hii ilikuwa na mnong'ono ndani yake. Fundi akafunga madirisha, akachomoa friji, akasimamisha saa ya ukutani. Kadiri nyumba ilivyonyamaza, ndivyo mnong'ono ulivyozidi kusogea karibu. Mshonaji akachukua mkoba wake, akasema nyumba hiyo ina kitu na yeye hataki kujua ni kitu gani.

Siku mbili Fundi alikaa peke yake akiukata mnong'ono ule, kipande baada ya kipande, nywele zimemsimama. Shangazi je? Kila asubuhi alimwekea chakula na maji juu ya stuli, akarudi kazini mbio. Alipoona sahani ya jana haijaguswa, alidhani mgonjwa hana hamu ya kula. Hakuuliza. Laiti angeuliza!

Siku ya tatu mchana, akiisikiliza tena rekodi ile, alikaza kompresa mpaka mwisho ili akisikie vizuri anachokikata. Sauti ikaja wazi, kavu, kana kwamba mtu amesimama begani kwake.

"Kitumbo. Maji."

Kitumbo ndilo jina aliloitwa akiwa mtoto, na duniani alikuwa amebaki mtu mmoja tu wa kumwita hivyo.

Aling'oa hedifoni, akakimbia. Shangazi alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, midomo imepasuka, mkono wake usiopooza umenyooshwa kuelekea kwenye stuli. Kikombe kilikuwa bado kimejaa.

Hospitali walimwokoa. Daktari alisema alikuwa amekaukiwa mno, na kiharusi kilikuwa kimempiga mara ya pili. Ataishi, lakini hatasema tena.

Fundi alirudisha godoro, akamhudumia shangazi kwa mikono yake, akilia mara nyingi. Wimbo hakuweza kuusafisha, kwani kompresa ilikuwa imefanya kazi yake tangu wakati wa kurekodi, na sauti zile mbili zilikuwa zimeshikana. Siku moja alimchezea shangazi rekodi hiyo, akitaka kumwomba radhi. Ilipofika mahali pa "Kitumbo. Maji," shangazi aligeuza macho mlangoni, akabaki anangoja mtu aje. Fundi alikuwa ameketi kando yake, amemshika mkono.

FUNZO

Ndugu zangu, mafundi watawaambia msikaze kompresa kupita kiasi mnaporekodi, maana kilichoingia hakitoki. Mimi nawaambia habari ya mgonjwa aliye nyumbani. Hana nguvu ya kupaza sauti. Ingia chumbani kwake, mtazame usoni, muulize, mnyweshe kwa mkono wako. Usingoje mpaka mashine ikwambie kwamba mtu wako anakuita, kwa sababu huenda hiyo ikawa mara yake ya mwisho kukuita.