Kengele ya Nyuma

Sikuwepo, ila rafiki yangu, fundi baiskeli, si mtu wa porojo. Yeye na mkewe walikuwa kwenye safari ndefu ya baiskeli, wakikatiza mahindi yaliyofunika njia hadi mchana ukawa giza. Desturi yao, wa mbele akipiga kengele, wa nyuma anajibu. Hawageuki nyuma, maana kugeuka kunayumbisha baiskeli na kuangusha mzigo.

Rafiki yangu, aliyekuwa mbele, akasikia panga likikata, chwa! chwa! Akadhani ni wavunaji. Akapiga kengele, ikajibiwa.

"Mke wangu, kaza mwendo!"

Ikajibiwa tena, karibu kabisa na kisogo chake.

Alipotoka mahindini aligeuka. Hakuna mtu. Akarudi mbio, akamkuta mkewe kule walikoingilia, amelala kwenye damu, mkono umekatwakatwa.

"Nimekuita mpaka sauti imekauka," mkewe alinong'ona.

Kwa mkono mzima ameshika kengele ya baiskeli yake, imepondwapondwa.

Ndani ya mahindi kengele ikalia, ikijibu. Safari hii rafiki yangu hakuwa amepiga yake.