Hakuna Hadithi Bado

Kila siku akitoka shule, Nyuki alivua viatu mlangoni, akafua soksi zake, akala chakula alichowekewa huku amesimama, kisha akabeba kompyuta na kwenda kuketi chumbani kwa bibi yake. Jina la Nyuki alipewa na bibi huyohuyo, kwa sababu tangu utotoni hakuweza kukaa mahali pamoja akatulia. Lakini alasiri hizo alitulia. Bibi alisimulia, naye aliandika.

Bibi alikuwa mkunga. Alishastaafu na magoti yalikuwa yamemchoka, lakini watu wengi wa mtaa ule walipokelewa duniani na mikono yake, na alikumbuka kila mmoja alivyokuja. Wala hakuona haya kuwakumbusha. Dereva wa basi alipopita dirishani kumsalimu, bibi alimwambia, "Wewe ulitanguliza miguu. Ndiyo maana mpaka leo hukai nyumbani!" Muuza nyama, mwenye shingo nene kama gogo, aliambiwa mbele ya wateja wake kwamba alizaliwa mdogo mpaka wakamlaza ndani ya boksi la viatu.

"Na hilo la boksi niliandike, bibi?" Nyuki aliuliza akicheka.

"Liandike. Tena uandike viatu vyenyewe vilikuwa vya nani. Usinirukie mambo yangu."

Hadithi hizo Nyuki aliziandika kwenye tovuti aliyoitengeneza mwenyewe kwa Python, lugha ya kompyuta aliyofundishwa na shangazi yake wakati wa likizo. Shangazi, dada yake baba, aliishi nao. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kampuni moja, na alifanyia kazi hiyo kwenye chumba kidogo nyuma ya jiko. Tovuti ya Nyuki iliitwa Mikono ya Bibi. Ilikuwa na ukurasa wa kuandikia hadithi na ukurasa wa kuzisomea, basi. Shida ni kwamba ilifanya kazi ndani ya kompyuta ya Nyuki peke yake. Aliyetaka kusoma ilibidi aje mpaka sebuleni, na mama alishaanza kulalamika kwamba nyumba yake imegeuka kituo cha basi.

"Basi tuipandishe kwenye wingu, kila mtu aisome kwenye simu yake," shangazi alisema.

"Wingu gani, shangazi?"

"Hilo ni jina la madoido tu. Kuna majumba makubwa yamejaa kompyuta zisizozimwa. Zinaitwa seva. Wenye majumba hayo wanatupa nafasi kidogo, tunaweka programu yetu humo, nayo inabaki macho hata kompyuta yako ikilala."

Walianza siku hiyohiyo. Shangazi alimwelekeza aandike faili la kuiambia seva programu yake inahitaji vifaa gani vya Python, maana seva haijui chochote mpaka iambiwe. Alimwonyesha namna ya kuficha neno la siri lisionekane ndani ya programu. Kisha akavuta kiti, akakaa sawasawa.

"Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wanaoanza hujikwaa. Kwenye seva, programu yako ni kama mgeni wa gesti. Kila unapopandisha toleo jipya, chumba kinafagiliwa na vyote ulivyoacha mezani vinatupwa. Hadithi za bibi zisikae humo. Zikae kwenye hifadhidata, mahali pengine kabisa pasipofagiliwa, na programu iende kuzisoma huko. Halafu kila siku unachukua nakala, unaiweka kwenye kompyuta yako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Shangazi alirudi kwenye kazi zake. Nyuki akajaribu kuunganisha hifadhidata. Skrini ikamjibu kwa maandishi mekundu. Akarekebisha, ikamletea mekundu mengine. Alirudia mpaka macho yakamwasha. Shuleni alikuwa ameshawaambia wenzake kwamba tovuti itakuwa hewani wiki ile, na rafiki yake aliyeitwa Miwani alishamtania kwamba anapiga domo tu. Kwenda kugonga mlango wa shangazi na kusema "nimeshindwa" kulimwia vigumu. Mtu aliyeanza kuitwa mtaalamu anashindwaje?

Basi akafanya lililo rahisi. Aliacha hadithi ziandikwe palepale, mezani pa gesti, akaipandisha tovuti. Ikafunguka. Ikang'aa. Ukurasa ulikuwa mtupu, na katikati yake yalisomeka maneno aliyoyaweka yeye mwenyewe kwa ajili ya mwanzo: *Hakuna hadithi bado.* Alikaa akaziandika upya zote, moja baada ya nyingine, akizifuta za zamani kwenye kompyuta yake ili zisimchanganye, na maneno yale yakatoweka.

"Hifadhidata umeunganisha?" shangazi aliuliza walipokuwa wakiosha vyombo.

"Tayari, shangazi."

"Na nakala unachukua?"

"Kila siku."

Shangazi alitabasamu, akampangusa povu shavuni. Alimwamini.

Kwa muda mrefu hakuna kilichoharibika. Tovuti ilienea simu kwa simu. Muuza nyama alimsomea kila mteja hadithi ya boksi la viatu, na watu waliohamia mbali walituma salamu. Bibi naye alizidi kusimulia, na Nyuki aliandika moja kwa moja kwenye tovuti. Kwa kuwa kila kitu kilikwenda sawa, hakuigusa programu yenyewe, na suala la hifadhidata likamtoka akilini. Au tuseme alilisukuma litoke.

Asubuhi moja bibi alikuwa akinawa uso, kikombe kikamponyoka. Mama alipokimbia kumtazama, alikuta upande mmoja wa uso umelegea. Bibi alifumbua kinywa aseme, ikatoka sauti isiyo na neno. Kilikuwa kiharusi.

Hospitali walimrudisha akiwa hai. Mkono wa kulia haukusogea tena, na maneno hayakurudi. Daktari alisema huenda yakarudi kidogo kwa mazoezi, huenda yasirudi. "Akili yake inasikia kila kitu," alieleza. "Mlango wa kutokea maneno ndio uliofungwa."

"Afadhali yale mambo yake uliyaandika, mwanangu," mama alimwambia Nyuki, akimshika kichwa. "Angalau hayo tunayo."

Nyuki alitaka kumfanyia bibi jambo jema. Aliandika sentensi moja ya kuwekwa juu ya tovuti: *Bibi yetu anaumwa, tumwombee apone.* Akaiongeza kwenye programu, akapandisha toleo jipya, akafungua ukurasa. Sentensi ilikaa mahali pake vizuri, kwa herufi kubwa. Chini yake palikuwa peupe, na katikati ya weupe huo paliandikwa: *Hakuna hadithi bado.*

Mwanzoni hakuelewa. Aliufungua ukurasa tena. Akazima kompyuta, akaiwasha. Kisha maneno ya shangazi kuhusu gesti yakamrudia: chumba kilikuwa kimefagiliwa. Alitafuta nakala huku akijua hakuna nakala. Huwezi kuokota kitu ambacho hukuwahi kukiweka.

Hakumwambia mtu. Muuza nyama alipouliza, alijibu kwamba mtandao unasumbua. Miwani alipouliza, alisema anaibadilisha rangi. Kila uongo ulidai mwingine wa kuutegemeza. Nyumbani watu walikuwa wakipokezana kumhudumia bibi, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufungua tovuti.

Jumamosi akaja mgeni. Alikuwa mwanamke kijana, mwalimu wa chekechea kutoka mji mwingine, amebeba matunda kwenye kikapu. Alimwamkia bibi kwa kupiga goti, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mimi ni yule mtoto wa mshonaji," alisema. "Mama alifariki siku aliyonizaa. Mama mdogo alinichukua nikiwa kichanga, nikalelewa kwake huko mbali. Dereva wa basi aliniambia kwamba bibi amesimulia habari za siku ile, na kwamba zipo kwenye tovuti. Dereva alianza kunisomea, nikamzuia. Nilitaka nizisome hapa, mbele ya bibi aliyekuwepo." Akatabasamu kwa aibu. "Sina picha ya mama. Sina chochote. Nimesikia kuna maneno aliyoyasema."

Machozi yalimtiririka bibi shavuni.

"Nyuki, mfungulie dada yako," shangazi alisema.

"Mtandao unasumbua, shangazi."

"Wa kwangu uko sawa." Shangazi alitoa simu, akagusa skrini. Akasoma. Akagusa tena. Alipoinua macho kumtazama Nyuki, hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Uliunganisha hifadhidata?"

Nyuki aliangalia vidole vyake. "Hapana."

"Na nakala?"

"Sikuchukua hata siku moja."

"Sijaelewa," mwalimu wa chekechea alisema, akiwatazama kwa zamu. "Inafunguka lini?"

"Haifunguki tena," shangazi alijibu taratibu. "Hadithi zimefutika, zote. Nisamehe, dada."

Mgeni akamgeukia Nyuki, na usoni mwake bado palikuwa na tumaini. "Lakini wewe ndiye uliyeandika, mdogo wangu. Uliyasikia kwa masikio yako. Unakumbuka mama alisema nini?"

Nyuki aliikumbuka siku ile. Bibi alikuwa amesema, "Hii iandike polepole." Vidole viliandika, lakini kichwa kilikuwa kwenye rangi ya vitufe: kijani au buluu? Alikumbuka mwanzo. Mshonaji aliomba dirisha lifunguliwe. Baada ya hapo alisema jambo kuhusu mtoto. Jambo gani? Nyuki alilitafuta kila pembe ya akili yake. Halikuwepo.

Maneno mengine yalimjia kwa urahisi. *Alisema anakupenda.* Nani angembishia? Mgeni angelia kwa furaha, angeondoka ameridhika, na aibu ya Nyuki ingepungua nusu. Alikwisha kufumbua mdomo. Hapo akaona bibi anamwangalia. Bibi alijua maneno yenyewe. Yalikuwa mle ndani, nyuma ya mlango uliofungwa.

"Nakumbuka aliomba dirisha lifunguliwe," Nyuki alisema. "Halafu alisema jambo kuhusu wewe. Silikumbuki, dada. Sikuwa nasikiliza vizuri. Nikikuambia lolote nitakuwa nakutungia."

Mwalimu wa chekechea aliushika mkono wa bibi. "Bibi, na wewe huwezi? Hata neno moja?"

Bibi alijaribu. Shingo ilimkakamaa, midomo ikahangaika, ikatoka sauti ndefu isiyokuwa neno. Akajaribu tena. Mara ya tatu mgeni mwenyewe alimzuia, akamfuta machozi kwa upande wa khanga. "Basi, bibi. Basi. Pumzika."

Alipoaga hakumlaumu mtu. Mlangoni alirudia mara moja tu, kana kwamba anajaribu uzito wake, "Dirisha." Akaenda zake.

Jioni ile shangazi alikaa na Nyuki, wakasoma yale maandishi mekundu mstari kwa mstari. Kosa lilikuwa dogo la kusikitisha: herufi moja ilikosewa kwenye anwani ya hifadhidata. Walipoirekebisha, ilikubali. Wakaandika sentensi ya majaribio, wakapandisha toleo jipya, sentensi ikabaki. Wakachukua nakala. Sasa tovuti ilikuwa imara kama ilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo, na haikuwa na kitu ndani.

Siku zilizofuata Nyuki alipita nyumba kwa nyumba. Kila mlango alianza kwa kusema mwenyewe kwamba ndiye aliyezipoteza hadithi, kisha akaomba aambiwe kinachokumbukwa. Wengine walimhurumia. Dereva wa basi alifoka kwamba vitoto siku hizi vinachezea vitu vya watu, naye Nyuki alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Hadithi ya mshonaji dereva hakuikumbuka zaidi ya Nyuki; alizuiwa kabla hajafika mbali, wala hapakuwa na mwingine aliyeikumbuka. Kila alichokusanya, Nyuki alimsomea bibi kabla ya kukiandika. Kikiwa sawa, bibi alifumba macho. Kikiwa kimepotoka, alipiga godoro kwa mkono wa kushoto, na Nyuki alikifuta. Godoro lilipigwa mara nyingi. Zilirudi hadithi chache, nazo nyingi ni vipande.

"Sikukasirikia kushindwa kwako," shangazi alimwambia walipokuwa wakisubiri nakala ya siku hiyo imalizike. "Maandishi mekundu kama yale hunitoa jasho hata mimi, kila wiki. Ungegonga mlango, tungemaliza kabla chai haijapoa. Lakini uliniambia 'tayari'. Anayesema ameshindwa husaidiwa. Anayesema tayari huachwa peke yake, kwa sababu hakuna anayejua kwamba anahitaji msaada. Na mzigo wa neno lile hukuubeba wewe tu. Yule binti kaubeba mpaka kwao."

"Nitafanya nini nimlipe, shangazi?"

"Hakuna. Mengine hayalipiki. Utasema kweli kuanzia sasa, na hilo nalo halitamrudishia mama yake."

Nyuki aliinama, akafungua ukurasa mpya, akaandika alichokuwa nacho: *Mshonaji aliomba dirisha lifunguliwe. Kisha alisema jambo kuhusu binti yake. Jambo hilo halijulikani tena.* Alimsomea bibi.

Bibi alimtazama kwa muda mrefu, kisha akafumba macho.