Sufuria Ndogo ya Mama

Lifti ya stesheni iliharibika saa sita mchana, abiria wamejaa pomoni, na laiti ingeharibika siku nyingine watu watatu wangebaki na amani yao.

Aliyekuwa akiitengeneza, kijana wa ovaroli ya buluu na mikono iliyojaa grisi, aliinua macho akamwona dada amesimama na sanduku lake. Gauni la kijani lilimkaa vizuri, na kitambulisho kilichoning'inia shingoni kilisema yeye ni mkalimani.

"Fundi, itachukua muda?"

"Kwa ajili yako dada, hata nikimaliza nitasema bado."

Mkalimani akacheka. Fundi akaacha spana zake, akambebea sanduku hadi mgahawa wa juu, na huko akaona kioja. Dada alimhoji mpishi kama polisi: haya maharage yamechemshwa na nini? Mafuta ni ya nini? Mwiko ni ule ule wa nyama?

"Una kesi na maharage?" Fundi akamuuliza walipoketi.

"Sili nyama. Kwetu hatuli, tangu nyumba ya bibi yangu. Na kazi yangu ni safari, kwa hiyo nimefundishwa na dunia. Kuna nchi nikisema sili nyama, naletewa samaki. Kuna nyingine wanatoa vipande, wananipa mchuzi wake. Mahali fulani walinipa pole, wakidhani nimefiwa. Na kuna mji mmoja nilikaa wiki nzima bila kuuliza swali, maana jirani zangu wote walikuwa kama mimi. Siku ya kuondoka nililia."

"Na hapa?"

"Hapa wananiuliza naumwa nini."

Fundi alipenda palepale, na hakupenda kidogo. Miezi mitatu simu zilikuwa hazipoi, na kila mmoja akampa mwenzake jina la utani.

"Majani, umekula?"

"Nimekula, Grisi wangu. Wewe umenawa?"

Ikabaki Fundi kumweleza mama yake. Mama alikuwa nesi mstaafu, mjane, mwenye huruma nyingi na ubishi mwingi zaidi. Aliposikia mkwe mtarajiwa hali nyama, uso ulimbadilika.

"Anatuona sisi wachafu?"

Fundi akaogopa, akashika njia ya mkato. "Hapana, mama. Ni tumbo lake. Daktari kamkataza, ni mgonjwa."

Mama akatikisa kichwa polepole kama anayepanga jambo. Fundi akashukuru kwamba yameisha. Maskini, ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Jumapili ya kwanza Mama alimpokea mgeni mlangoni kwa mikono miwili. "Karibu, mwanangu." Kisha, bila kuomba ruhusa, akamvuta kope za chini akazichungulia. "Damu huna," akasema.

Jikoni kulikuwa na sufuria mbili, kubwa ya wote na ndogo ya mkalimani, na mlango ulifungwa.

"Nije nikusaidie, mama?"

"Kaa, mwanangu. Ukiwa kwangu hushiki mwiko."

Mezani Mama hakugusa sahani yake mpaka mgeni alipomaliza. Alikuwa akihesabu vijiko, midomo ikimcheza.

"Mama yako ananiangalia kama anasubiri kitu," mkalimani alisema wakirudi.

"Anakupenda tu, Majani."

Jumapili ya tatu Fundi aliingia jikoni kuchukua maji, akamkuta mama yake akichuja supu ya mifupa ndani ya dengu za sufuria ndogo. Mama akausukuma mlango kwa kisigino.

"Usinitolee macho. Nimeuguza watu miaka thelathini. Huyo daktari kakosea; mimi namrudishia damu yake, na wewe funga mdomo."

Maneno mawili yangetosha: si mgonjwa. Lakini angeyasema, angelazimika kusema pia kwamba alidanganya. Fundi akachukua maji yake, akaenda kukaa, akamtazama mpenzi wake akila mpaka sahani ikabaki tupu na kusema, "Mama, dengu zako hazina mfano." Alimtazama Jumapili hiyo, na nyingine, na nyingine tena.

Jumapili ya tisa Fundi alikuja na pete mfukoni. Kabla hajaitoa, Mama alimvuta mkwe wake kope, akaangua kicheko cha furaha.

"Nyekundu kabisa. Sasa unaolewa ukiwa mzima, na mimi naweza kusema. Ni supu ya mifupa, mwanangu. Kila Jumapili."

Mkalimani akaweka kijiko chini taratibu.

"Kwa nini, mama?"

"Si tumbo lako? Si daktari ndiye..." Mama akamgeukia mwanawe, akausoma ule uso aliouzaa mwenyewe. Akaketi.

"Ulijua?" mkalimani akamuuliza Fundi.

"Tangu Jumapili ya tatu."

Mkalimani alisimama, akamgusa Mama begani, akatoka. Getini alitapika, akafuta mdomo kwa ncha ya mtandio wake mweupe, akaendelea kutembea bila kugeuka.

Kwa wiki mbili hakupokea simu. Alipopokea, Fundi alikuwa amekwishasahau hotuba yake yote.

"Nisamehe. Niliogopa mama asije akakuchukia. Pete bado ninayo, Majani. Nataka kukuoa."

"Mama yako alinilisha akidhani naumwa," sauti ilisema, bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha. "Wewe ulinitazama nikila, ukijua mimi ni mzima."

"Tafadhali, mpenzi."

"Jumapili nitakuja kumwona Mama. Alinipigia akilia, nikamwambia tutapika pamoja, mlango wazi. Wewe siku hiyo tafuta pa kwenda."

Fundi akasema sawa.