Mikono Iliyoinuliwa Juu

Siku ya uchaguzi, Alpheus Thurlow alikula mkate wa mahindi na nyama ya nguruwe, akavaa koti lake jeusi, akatoka. Zamani alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Sasa alikuwa mbunge kule Washington, na mwenye kiwanda cha nguo ndiye aliyemuunga mkono.

Kituoni aliwakuta wafanyakazi wa kiwanda wamepanga mstari. Kila mmoja ameinua karatasi ya kura ya rangi ya waridi. Hiyo ilichapwa na chama cha Alpheus. Wapinzani walichapa zao, nyeupe.

"Wananipenda mpaka wananyoosha mikono!" alisema kwa furaha.

Mdogo wake, Orrin, mfumaji kiwandani, alikuwa mstarini.

"Kaka, unatania au huoni? Yule mlangoni ni msimamizi wetu, anaangalia rangi ya karatasi. Mkono ukishuka, kesho sina kazi. Silas, mfumaji mwenzangu, aliushusha uchaguzi uliopita. Yuko wapi leo?"

Alpheus alipigwa na butwaa. Miaka yote hiyo alijisifia mikono ile, kumbe ilikuwa imeinuliwa na hofu!

Jioni alimweleza jirani yake, Mama Crane, mjane aliyewahi kuishi Australia.

"Kule serikali ndiyo inayochapa karatasi," alisema mama huyo. "Ni ya aina moja, ina majina ya wagombea wote. Unaingia peke yako nyuma ya pazia, unatia alama, unaikunja, unaitumbukiza sandukuni. Marehemu mume wangu alipiga kura hivyo, na sikujua kamwe alimpa nani. Na kwa kuchokonoa, wanijua!"

"Na tajiri wake?"

"Alijua kofia aliyovaa, basi."

Mwenye kiwanda aliposikia kwamba Alpheus anataka sheria ya kura ya siri kama hiyo, alifoka. "Ukileta pazia, ubunge usahau!"

Alpheus aliogopa, lakini alizunguka jimbo zima akiitetea sheria hiyo, mpaka baraza la jimbo likaipitisha.

Uchaguzi uliofuata, pazia lilitundikwa. Msimamizi alikodoa macho asione kitu. Kura zilipohesabiwa, Alpheus alikuwa ameanguka. Kesho yake kengele ya kiwanda ililia, wote wakaingia kazini. Hakuna aliyefukuzwa.

Orrin alimkuta kaka yake karakanani, anashona tandiko.

"Pole, kaka."

"Asante. Lakini wewe ulinipa, sivyo?"

Orrin alitabasamu. "Hiyo ni siri yangu na pazia."

Alpheus aliweka sindano chini. Ndugu yake wa tumbo moja!

"Hata mimi hutaniambia, Orrin?"

"Hata wewe. Si ndiyo sheria uliyotupigania?"