Nambari Niliyoikata kwa Kalamu Nyekundu

Nina miaka hamsini na mitatu, na jambo hili nimelikana kwa miaka mingi... Nambari ile niliikata mimi. Si karani, si posta. Mimi, kalamu nyekundu na digrii yangu!

Miaka ya tisini nilikuwa afisa wa takwimu za afya katika ofisi ya wilaya. Kila Ijumaa zahanati zilituma idadi ya wagonjwa wa wiki. Idadi ikipanda ghafla, nilipaswa kutoa tahadhari ili dawa za akiba zitoke stoo. Kazi rahisi, sivyo?

Mvua ndefu zilipoisha, Sista Chebet wa zahanati ya Mogogosiek, kwetu milimani, ambako mama bado alichuma chai yake, alituma idadi ya malaria mara tano ya kawaida. Nikacheka. Malaria, katika baridi hii? Sisi wazaliwa wa huku tulijua kwamba huo ni ugonjwa wa ziwani. Wafanyakazi wa kiwanda cha chai wakienda kwao ziwani likizo, wanarudi nao. Nikaikata, nikaandika idadi ya wiki iliyotangulia, nikamrudishia nakala.

Akanipigia simu.

"Madam, watu wangu umewapeleka wapi?"

"Sista, hao ni wasafiri."

"Wasafiri gani? Ni wachumaji wa hapa hapa! Ama mbu wa chuo kikuu husoma ramani kwanza kabla ya kuuma?"

Nikamwagiza aulize kila mgonjwa kama amesafiri, aandike kwenye fomu. Nilijiona mtaalamu kweli... Ufunguo wa stoo ukabaki kwenye droo yangu wiki ya pili, na ya tatu.

Mnataka nilie? Sijui machozi yalienda wapi. Lakini wewe unayekaa ofisini, nakusihi, ukiletewa nambari usiyoiamini, usiisahihishe. Inuka, nenda ukawaone watu! Ugonjwa mwingine utakuja, na mtu atakuwa ameketi pale nilipoketi mimi.

Jumatatu baada ya wiki hiyo ya tatu, asubuhi, simu ililia. Alikuwa Sista Chebet, bila utani wowote. Dawa zimekwisha, akasema, na mgonjwa mmoja amefariki.

Nikavuta fomu. Nikauliza swali langu mwenyewe:

"Alikuwa amesafiri?"

Nikashika kalamu tayari kuandika.

"Hapana, Madam. Mwaka huu hajafika hata Litein hapo karibu. Ni mama yako... Alikataa tukusumbue kazini."