Maiki Iliyobusiwa

Chereko aliwaomba wageni mia tatu wasimame, wainamishe vichwa, wamkumbuke marehemu babu wa bibi harusi kwa dakika moja ya kimya. Katika kimya kile, yapata sekunde ya kumi na tano, spika zote nne zikapiga mbweu.

Si mbweu ya adabu. Ilikuwa nene, yenye majimaji, ya mtu aliyeshiba hadi kooni, na mwisho wake ikasikika ikimezwa tena. Vichwa vikainuka. Macho yote yakamwangukia mshereheshaji, aliyesimama na maiki mkononi na kitambi mbele yake kama shahidi wa upande wa mashtaka. Mtu mwenye akili zake angenyamaza. Lakini Chereko alikuwa ameishi kwa ulimi miaka ishirini na saba, katika kumbi za miji mingi, na kunyamaza hakukuwa miongoni mwa vipaji alivyojaliwa.

"Samahanini," alisema. "Marehemu amepokea."

Mjane wa marehemu akavua kiatu.

Kilichomsumbua njiani kurudi nyumbani si kiatu, ingawa kilimpata sawasawa kwenye sikio. Ni kwamba maiki ilikuwa imezimwa. Aliizima yeye mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe, kabla kimya hakijaanza.

Maiki ile ilikuwa ya mtumba. Aliiokota sokoni kwenye lundo la vikorokoro: ya chuma, nzito, ya kizamani, yenye kuifanya hata sauti ya mwenye mafua iteleze kama asali. Na Chereko alikuwa na desturi yake iliyomtambulisha kila ukumbi. Kabla ya neno la kwanza aliibusu maiki mbele ya kadamnasi, mwaa!, watu wakashangilia. Hii alikuwa ameibusu harusi tatu. Mara ya tatu aliuhisi wavu wake una joto na chumvichumvi, akadhani ni jasho lake. Mtu mnene huzoea kujisingizia jasho.

Sasa ilikuwa Jumatatu, na Jumamosi binti yake wa pekee alikuwa anaolewa. Chereko angesema maneno ya baba, kisha angempa binti maiki awashukuru wageni. Hitilafu ilipaswa iondoke kabla ya hapo.

Alianza kama wanavyoanza wote: akabadilisha waya. Maiki ikasikika ikitafuna spikani. Akahamisha plagi kwenye tundu jingine la mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti. Ikatafuna polepole zaidi, kama mtu aliyefika kwenye uboho. Akachomoa waya kabisa, akabaki ameshika chuma kitupu kama mchi usio na kinu. Na spika, zisizounganishwa nacho kwa chochote, zikalamba midomo.

Akafungua wavu. Uvundo uliomtokea ulikuwa wa tambara la vyombo lililosahauliwa wiki nzima, na chini yake, kwa mbali, jino bovu. Kile kisponji cha ndani, cha kuzuia pumzi, kilikuwa kimelowa ute. Alikifua kwa sabuni mara mbili, akakianika kambani katikati ya soksi zake. Saa sita mchana, jua likiwaka, soksi zilikuwa zimekauka kau. Kisponji kilikuwa kinadondosha udenda mmoja mweupe, mrefu, uliofika mpaka chini bila kukatika. Nzi walikuja, wakatua, wakakwama, na mmoja mmoja wakatoweka ndani.

Jumatano asubuhi binti yake alisogeza kiti mbali na meza.

"Baba, umekunywa nini?"

"Chai tu, mama."

"Chai gani hiyo? Imekufa lini?"

Alicheka, maana alizoea kuchekwa, kisha akaenda bafuni, akajifungia, akaupanua mdomo mbele ya kioo, na pale, kati ya magego mawili, akaona unywele. Akaushika kwa kucha, akauvuta, ukaja, akauvuta tena, ukaendelea kuja, mrefu, wa mvi, unaoteleza, ukipanda kutoka kooni na kutoka chini ya koo, mahali ambapo chakula hushuka na hakuna kitu kinachopaswa kuota, na kadiri alivyovuta ndivyo alivyohisi kwamba kule chini, mwisho wa unywele, kuna kitu kinachovuta nacho.

Akauachia. Ukarudi ndani wenyewe, kama tambi inayofyonzwa.

Alhamisi mchana alikwenda kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa redio na spika, mwanamke mwenye miwani mbili, moja ya kuonea karibu na nyingine ya kudharau. Binti alikataa kumwacha aende peke yake. Alisimama mlangoni, mtandio puani.

Fundi aliiunganisha maiki na spika za masikioni, akazivaa, akasikiliza. Alipozivua, upande mmoja ulikuwa umelowa mate.

"Inaongea," alisema chinichini.

"Inasemaje, shemeji?"

"Inasema wewe ni mume wake."

"Mama mdogo, usitanie!"

"Mara tatu, mbele ya mashahidi," ilisema maiki yenyewe, pale mezani, kwa sauti ileile ya asali ya Chereko. "Kaniposa kwa mdomo wake. Nimemla, kashachacha. Jumamosi nahamia kwa binti. Mdomo mpya. Meno mazima."

Chereko alikuwa na mzaha wa kila msiba. Aliutafuta, hakuupata. Alichokiona ni mwanawe wa pekee akiwa na gauni jeupe, akipokea kutoka mkononi mwake yeye, baba, kile kidude, akikisogeza midomoni kwa tabasamu.

"Itoe," alinong'ona. "Shemeji, itoe. Mimi nibaki bubu, sawa tu."

Fundi alikuwa ameshawasha chuma cha kulehemu. "Kazi yangu ni kutoa hitilafu. Hii inajiita mke wako, nayo itatoka vilevile. Ila mzizi haumo humu, umo kooni mwako. Ilipita kwa busu, itapita hapohapo. Ibusu. Ikikushika, uma. Ukiiachia, umemwachia mwanao."

Akauondoa wavu. Kisponji kilikuwa kimepata rangi ya waridi na vipele vidogo vidogo. Kikajikunja, kikaramba bisibisi.

Chereko akafumba macho, akabusu, na kile kitu kikamwingia mdomoni kama konokono vuguvugu, kikalizunguka ulimi wake, kikaanza kunyonya, naye akakiuma, kikapasuka, kikamwaga maji yenye ladha ya midomo yote iliyowahi kukisemea, mate ya wahubiri na ya walevi, ya mabwana harusi na ya waombolezaji, akatapika bila kufumbua meno, akavuta kwa shingo nzima kama mbwa anayegombea utumbo, hadi unywele ukapanda, na shada zima likafuata, likikwangua koo, na fundi akalibana kwa koleo, akalichoma kwenye shina, likaangukia kwenye ndoo iliyokuwa miguuni pake. Mlio uliotoka ulikuwa sauti ya Chereko, ikiomba msamaha kwa maneno ambayo Chereko hakuyasema.

Kisha ukakatika.

Ndani ya ndoo kulikuwa na bonge la nywele, nzi wote wa Jumatatu, na meno kumi na moja yasiyo ya mtu mmoja. Mojawapo lilikuwa la utoto. Fundi alimimina spiriti, akawasha moto. Alisubiri mpaka jivu likapoa, kisha akaenda kunawa mikono hadi viwikoni.

Chereko alisukutua mara tisa. Alipojaribu sauti, ilitoka imekwaruzika, lakini ilikuwa yake. Akamgeukia binti yake, machozi yakimlengalenga, ndevu zikiwa bado zimegandwa na kitu ambacho hakuna aliyetaka kukitaja.

"Mwanangu, na yale maneno yangu ya baba, Jumamosi?"

"Atayasema mama," binti alijibu, mtandio bado puani. "Bila maiki."